Uzi Hauna Kosa

Brashi ya bluu nimewaachia nyuma ya mlango wa stoo. Imening'inizwa, haikusimamishwa. Ukiisimamisha kwa nyuzi zake, zinalala upande mmoja, na brashi ya namna hiyo inasugua kama mtu anayefagia uwanja huku anaangalia simu. Nimeanza na brashi kwa makusudi, maana nawajua ninyi wawili mnaopokea kazi yangu: mtasoma ukurasa wa kwanza, mtasema mtamalizia kesho, na kesho mtanipigia simu kuuliza. Basi angalau la brashi mmelipata.

Wanaotaka kusoma nilivyopandishwa vyeo watasubiri sana. Niliingia kwenye nyumba hii ya wageni hapa Tunduma nikiwa mtu wa usafi, na nimetoka nikiwa mtu wa usafi. Kilichobadilika ni kwamba madereva wa malori walianza kuniita Mama Bwawa, na jina likanikaa. Langu hasa ni Eliza Namwinga. Kwetu Wanamwanga, mwanamume akiwa Simwinga dada yake ni Namwinga, lakini Mama Neema, mwenye nyumba, aliletwa huku na ndoa kutoka Singida na hilo lilimchukua muda kulielewa. Mwanzoni aliniita Simwinga mbele ya wageni, na wageni wakawa wanageuka kumtafuta huyo mwanamume. Mimi nilikuwa naitika tu na kuendelea kudeki.

Bwawa lilikuja baadaye. Mama Neema aliwatazama madereva waliokwama kwenye foleni ya mpaka, wamekaa vivulini wanacheza drafti, akasema hawa wakipata maji ya kuogelea watakuja, na wakija watakunywa soda, na wakinywa soda watatamani nyama. Akaagiza bwawa la plastiki la bluu, lile la kusimama juu ya ardhi, limeshikwa na mabomba ya chuma kuzunguka, na ngazi ndogo ya kupandia. Maji yanamfika kifuani mtu wa kimo cha kawaida. Mimi yananifika shingoni. Lilifungwa uani nyuma ya jiko, likajazwa kwa boza la maji, na majirani wote wakaja kuchungulia wakijifanya wameleta salamu.

Sasa hapa Tunduma maji ni ya kutafuta, mnajua wenyewe. Watu wanapanga madumu. Kwa hiyo nawaambia mapema: bwawa likiharibika, wazo la kwanza la kila mtu ni kumwaga maji na kujaza mengine, na wazo hilo kwetu halipo. Ukimwaga bwawa zima akapita mama mwenye ndoo kichwani, usitegemee salamu yake tena maishani. Maji uliyopewa ndiyo hayohayo utakayoyatengeneza.

Na yaliharibika haraka. Mwanzo yalikuwa yanang'aa hadi unaona mikunjo ya plastiki chini, kisha yakapoteza mng'ao, kisha asubuhi moja nikakuta yana rangi ya chai ya mchaichai. Kitaalamu kile kitu kinaitwa mwani. Mimi mwani nilijua ni wa watu wa pwani, wanaulima baharini na kuuza. Sisi tukauita mlenda, kwa sababu ukigusa ukuta wa bwawa vidole vinateleza vilevile kama unapomega ugali ukauchovya kwenye mboga ile. Jina hilo msilitaje mbele ya mgeni anayekula. Mimi nililitaja mara moja na sahani ikarudi jikoni imejaa.

Mama Neema akatuma mtu ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akaitwa Ba Chola. Huyu alikuwa mzee mstaafu aliyetunza mabwawa ya nyumba za mabwana wa migodi ya shaba huko Kopabelti, akarudi kwao kulima mihogo. Nilitegemea atakuja na gunia la madawa. Alikuja na kikombe cheupe cha bati na brashi, hii hii ya bluu. Nikamwonyesha maji, nikaanza kueleza rangi. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Ba Eliza, fumba macho," akasema. Hiyo "Ba" ni heshima ya Wabemba, kama vile mukwai yao, wanampa kila mtu mzima, hata mdeki sakafu. "Gusa ukuta. Hapa. Na hapa. Na chini ya ngazi."

"Panateleza."

"Jicho linachelewa, mukwai. Mkono unafika kwanza. Ukingoja uone kijani, mlenda umeshajenga nyumba, umeoa, umezaa."

Tangu siku hiyo hadi siku ya kuaga, kila asubuhi nilianza kwa kupitisha kiganja ukutani kabla sijaangalia chochote. Kikombe cheupe kilikuwa cha pili: unachota maji, unayatazama penye mwanga, kwa sababu plastiki ya bluu inaongopa na kikombe cheupe hakiongopi. Dawa ilikuwa ya mwisho. Ba Chola alichukia sana watu wanaoanza na dawa. Alisema ni kama kumpa mgonjwa vidonge akiwa bado ndani ya shuka chafu. Kwanza sugua kuta na sakafu ili mlenda uachie, maana klorini inaua kilicho kwenye maji lakini kilichojishikiza chini ya utelezi wake kinakucheka. Brashi iwe ya nailoni. Ya waya inakata plastiki, na mkiniletea habari kwamba bwawa limepasuka nitauliza brashi kwanza. Kisha osha chujio la pampu. Kisha koroga klorini pembeni, kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Dawa inaingia kwenye maji, kamwe maji hayaingii kwenye dawa, na pua yako ikae mbali. Mwaga jua likishazama, kwa sababu jua linaila klorini kabla mlenda haujaionja. Maji yakigeuka meupe kama yaliyosuuzia mchele, msiogope wala msiongeze kitu. Huo ni mlenda uliokufa. Acheni utulie chini, muuvute polepole kwa mpira.

Haya yote aliyasema kwa kawaida tu, huku akila mhogo wa kuchoma. Kitu kimoja ndicho alichosimama kukisema, ameweka mhogo pembeni.

"Mlenda haujileti. Ukirudi, usigombane nao. Tafuta anayeulisha."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Nilikuja kujua uzito wake baadaye sana, na nitafika huko.

Walishaji wa mwanzo walikuwa rahisi kuwakamata. Niliandika kibao, OGA KWANZA, nikakifunga kwenye ngazi, nikajisifu. Akaja kijana mmoja mchimbaji wa dhahabu, ametoka machimbo ya Mkwajuni na vumbi lake lote. Nikaenda jikoni, niliporudi nikamkuta katikati ya bwawa amejaa povu hadi masikioni, anasugua kisigino kwa jiwe.

"Kaka, unafanya nini humo?"

"Dada, si mmeandika nioge kwanza? Naoga. Nikimaliza nitaogelea."

Kibao kilikuwa upande wake. Sabuni ile ililisha mlenda kwa muda mrefu. Nikaongeza maneno kwenye kibao: OGA KWANZA KULE BAFUNI, na mshale. Mshale ndio unaofanya kazi, hasa kwa madereva wa ng'ambo wasiosoma Kiswahili.

Halafu kulikuwa na Shemeji. Huyu ni mdogo wake mume wa Mama Neema, mkulima wa kahawa huko Mbozi, mtu mwema asiyeweza kuona shida ikapita bila kuitia mkono. Alikuja kututembelea wakati maji yameanza kuchafuka, akayaangalia, akasema, "Hii ni kama chulebuni tu. Nina dawa." Chulebuni ni ule ugonjwa unaooza buni mtini, na wakulima wa Mbozi wanaupiga kwa dawa ya shaba. Wiki iliyofuata akarudi na bomba lake la mgongoni, akalizunguka bwawa akipulizia kama yuko shambani, tena kwa mistari iliyonyooka. Nikiri ukweli, mlenda ulikufa wote. Lakini kuta za ndani zilishika madoa kama kikombe cha chai kisichooshwa, na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Zambia, aliyekuwa amepaka nywele rangi ya dhahabu, aliogelea mchana mzima kwa furaha na jioni akaniita kwenye kioo.

"Ba Eliza," akaniambia kwa upole sana, "nilikuja na nywele ya golidi. Naenda na nywele ya katapa."

Katapa kwao ni kisamvu. Alikuwa sahihi kabisa, ile rangi ilikuwa ya kisamvu kilichopondwa vizuri. Tulimkirimu chakula na Shemeji akapigwa marufuku kukaribia bwawa akiwa na kitu chochote mgongoni, hata begi.

Sasa nimfikie Mzee Nzunda, maana bila yeye hizi zingekuwa hadithi za brashi tu.

Mzee ni mume wa Mama Neema. Ninyi mnamjua kama yule baba wa fimbo anayewatania getini, lakini kabla ya hapo alikuwa dereva wa malori ya masafa, Dar hadi Lubumbashi, na madereva vijana walikuwa wakimwamkia kwa kuvua kofia. Kisha akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, mguu na mkono. Aliporudi kutoka hospitali hakuwa akitania mtu. Alikaa barazani amegeuzia uso ukuta, mkono wa kulia umefumba ngumi mapajani, akatazamwa na wageni wanaopita na masanduku yao.

Mtaalamu wa viungo, binti mpole aliyekuwa anakuja kutoka hospitali, ndiye aliyeliona bwawa akasema maji yatambeba. Tukaanza. Asubuhi kabla ya wageni bwawa lilikuwa la Mzee. Nilimshika mkanda kwa nyuma, yeye ameshika bomba la pembeni kwa mkono mzima, tunazunguka. Mguu ambao nchi kavu ulikuwa unaburuzwa, ndani ya maji ulikumbuka kazi yake. Siku alipozunguka bila kushika bomba aligeuka akaniambia, "Utingo, shuka uangalie tairi." Nililia humo humo majini, na uzuri wa bwawa ni kwamba hakuna anayejua umelia. Toka hapo nikawa utingo wake.

Mguu ulirudi, mkono ukagoma. Mtaalamu alimpa vibanio vya nguo abane, akampa punje za maharage azihamishe kutoka bakuli moja hadi jingine kwa kidole gumba na cha shahada. Mzee aliyatazama maharage yale kwa dharau. "Mimi nimefunga mizigo ya chuma," akasema. "Nihesabu maharage kama mtoto wa chekechea?" Ngumi ikabaki ngumi.

Ndipo akapata wazo lake mwenyewe. Bwawa lilikuwa linaingiwa na vumbi la barabara na majani ya mikaratusi ya jirani, na Mzee akasema atalishonea kifuniko. Dereva wa zamani anajua kushona turubai. Alikuwa na sindano yake kubwa iliyopinda na uzi wa nailoni wa kufa na kuzikana. Akaomba viroba kutoka shambani kwake Mbozi, vile vyeupe vya mbolea. Nani kwetu anatupa kiroba cha mbolea? Tunaanikia mahindi, tunabebea mkaa, tunazibia dirisha, tunatandika mtoto akae. Vilikung'utwa, vikasuuzwa, vikaletwa. Akakaa barazani akashona, mkono wa kushoto ukivuta sindano, ule wa kulia ukikandamiza kiroba kwa ngumi yake. Kazi ilimchukua msimu mzima wa kiangazi. Kilipokwisha, madereva walikuja kukishangilia, Mama Neema alikipiga picha akawatumia ndugu wote, na Mzee akageuza kiti. Hakukaa tena akiangalia ukuta. Mnanielewa? Kile kifuniko hakikuwa kifuniko.

Mvua zikaanza, na mlenda ukarudi.

Haukurudi kama zamani. Nilisugua, nikaweka klorini jioni, asubuhi nikapima kwa yale matone yanayogeuza maji njano penye klorini, na klorini ilikuwa haipo, kama vile sijaweka. Nikaongeza. Ikaliwa. Harufu ya klorini ilijaa uani hadi macho yanawasha, na bado maji yalikuwa kijani. Nililaumu madereva. Nililaumu umeme unaokatika na kusimamisha pampu. Nilimpigia simu Shemeji kumuuliza kama amepita hapa kimya kimya, akaapa kwa kahawa yake yote. Mzee akashindwa kuingia majini kwa sababu mtaalamu alisema maji ya namna ile yatamletea ugonjwa wa ngozi na masikio. Kila siku aliyokaa bila kuzunguka, mguu ulianza kuburuzika tena kidogo. Nilikuwa nausikia kwenye sakafu ya korido.

Mama Neema naye alichoka, simlaumu. Wageni walikuwa wanalalamika. Akapata bwana mmoja wa Vwawa anayefuga samaki, akamwambia kama hali ni hii aje apime bwawa, alinunue, aweke perege, kwani limeshakuwa la kijani tayari. "Eliza," akaniambia, "nikisema nisubiri zaidi nitakuwa namdanganya mume wangu kwamba maji yatarudi." Nilijua bwawa likiondoka Mzee anarudi kwenye kile kiti na ule ukuta. Nilijua, na yeye Mama Neema alijua, na hakuna aliyetaka kulisema.

Jumapili moja ilinyesha mvua kubwa tukiwa kanisani. Niliporudi nikakuta kifuniko kimebonyea katikati, kimebeba maji ya mvua kama mimba, na yale maji yalikuwa yanachuja tone kwa tone kupitia viroba hadi ndani ya bwawa. Nikakivuta pembeni. Nikapitisha kiganja kama kawaida. Chini ya ngazi, mahali ambapo mlenda huanza siku zote, hapakuteleza sana. Nikaingia majini na nguo zangu za kanisani, nikazama nikagusa sakafu katikati, chini ya ile mimba. Ulikuwa umelala pale mnene kama zulia.

Tafuta anayeulisha. Maneno ya Ba Chola yalinijia kwa sauti yake, na mhogo wake. Nikaenda kwenye kifuniko, nikaupapasa mshono wa zamani wa kiroba, ule wa kiwandani ambao hakuna maji ya kusuuza yanayoufikia, na kwenye mkunjo vidole vikakutana na chembe chembe ngumu. Nimekua kwenye mahindi. Yuria sihitaji kuonyeshwa. Inayokuza mahindi inakuza mlenda, na tena inaila klorini kama karanga.

Sikufurahi hata kidogo. Kwa kawaida ukimkamata mlishaji unajisikia fundi. Mimi nilikaa kwenye kreti la soda nikatamani ingekuwa ni kijana wa Mkwajuni na sabuni yake.

Nikajipa sababu ya kuchelewa: huenda nimekosea. Nikachukua ndoo mbili, nikatia maji yale yale ya boza na kikombe cha maji ya bwawa kila moja, na katika moja nikazamisha kipande cha kiroba kilichobaki barazani. Nikazificha nyuma ya jiko kwenye jua. Baada ya siku chache ndoo moja ilikuwa supu ya mchicha. Ya pili ilibaki safi kama nilivyoiacha. Nilikuwa nimeinama juu ya zile ndoo nikiwaza nitamwambia Mama Neema nini, niliposikia fimbo.

"Utingo, mwagona," akasema Mzee. Hivyo ndivyo wanavyoamkiana kwao Unyiha. "Hizo ndoo za nini?"

"Za kufulia, Mzee."

"Unafua kiroba?"

Mtu aliyeelewana na mafundi wa gereji wa nchi tatu haongopewi na mdeki sakafu. Akasogea, akachovya kidole cha mkono wa kushoto, akanusa, akaangalia ndoo hii, akaangalia ile.

"Yuria."

"Ndiyo, Mzee."

"Ni kifuniko changu."

"Ni mbolea iliyojificha kwenye mishono ya kiwandani. Kushona umeshona vizuri."

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Sikutaka kukuambia."

Mama yangu alikuwa akisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kweli, aliyekuwa na machozi pale ni mimi. Mzee aligeuka akaenda zake ndani, fimbo, mguu, fimbo, mguu, na ule mguu unaburuzika.

Hakutoka asubuhi iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Chakula kiliingia chumbani kikarudi nusu. Mimi nilikiondoa kifuniko nikakikunja nikakiweka stoo, nikamweleza Mama Neema yote, naye akawa anakunja ncha ya kanga yake. Tukakubaliana nisugue kama kawaida na kuweka dawa, na bwana wa samaki asiambiwe lolote bado. Nilisugua nikiwa na hasira na viroba vyote vya dunia.

Nilikuwa naanika brashi niliposikia sauti kutoka barazani, ile sauti ya zamani ya kuamrisha lori lirudi nyuma.

"Utingo. Leta hiyo takataka yangu."

Nikaileta. Alikuwa amekaa kwenye kiti, amekigeuzia uani. Akakitandaza kifuniko mapajani, akatafuta ncha ya uzi. Nikamwambia ngoja nilete wembe, tutakata mishono mara moja iishe.

"Wembe wa nini? Uzi huu ni wa turubai, hupati kama huu siku hizi. Kilichokosa ni kiroba. Uzi hauna kosa." Akanitazama. "Wewe nenda kaue mlenda wako."

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo kazi yangu yote ilipo. Kushona, mkono wake mbovu ulikuwa unakandamiza tu, ngumi inatosha. Kufumua ni kitu kingine. Kufumua bila kukata uzi, lazima mkono mmoja uinue mshono kwa ncha ya sindano na mwingine ubane kile kitanzi kidogo na kukivuta. Kubana. Kwa gumba na shahada. Siku ya kwanza alivuta kwa meno. Siku zilizofuata nilikuwa napita na ndoo, namwona anausukuma ule mkono wa kulia kwenye kitanzi, unateleza, anausukuma tena, anautukana kwa Kinyiha. Halafu nikapita nikamwona hatukani.

Mtaalamu wa viungo alifika siku yake ya kawaida na mfuko wake wa maharage. Alisimama mlangoni. Mzee hakumwona, alikuwa ameinama, kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vimeshika uzi mweupe na kuuvuta taratibu, unatoka, unatoka. Yule binti alinigeukia akaweka kidole mdomoni, akayarudisha maharage kwenye mfuko wake bila kelele.

Na maji? Bila mlishaji, mlenda ulikufa kwa klorini ya kawaida kabisa. Yakageuka meupe, yakatulia, nikavuta uchafu kwa mpira, nikaosha chujio, na asubuhi moja kiganja kikapita ukutani pakakwaruza vizuri. Bwana wa Vwawa alifika kama alivyoahidi, ana utepe wake wa kupimia, maana katika yote hayo Mama Neema alisahau kumpigia amzuie. Akapanda ngazi, akachungulia, akakuta anaona hadi mikunjo ya chini.

"Mama," akasema kwa masikitiko, "maji haya ni masafi mno. Samaki wangu watakula nini?"

Sijawahi kupewa cheti kazini. Nacho sikidai, kwa sababu nilipewa hicho.

Kifuniko mnachokitumia sasa, kile kizito cha kijivu, ni turubai la lori ambalo madereva walimletea Mzee, na limeshonwa kwa uzi ule ule. Viroba vilirudi Mbozi kubeba mahindi, kazi wanayoiweza. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wa kale, nami naongeza kwamba vingine vimefumuliwa kwanza. Turubai likichanika msishone wenyewe. Mpelekeeni Mzee barazani, hata kama mnaweza, hata kama mna haraka. Na likichanika pale ambapo si lazima kuchanika, mimi sitauliza.

Siku ya kuniaga walipika pilau, madereva wawili watatu walikuwepo, na Ba Chola alivuka mpaka na mhogo wake kwenye mfuko. Mzee Nzunda alichelewa kutoka chumbani hadi chakula kikaanza kupoa, na Mama Neema alipotaka kwenda kumsaidia alijibiwa kwa sauti kwamba hakuna mtu ameitwa. Akatoka amevaa shati jeupe la mikono mirefu, lenye vifungo vidogo vingi, vyote vimefungwa, toka shingoni hadi chini. Alikuwa ameruka tundu moja juu, kwa hiyo shati lote lilikuwa limepanda upande, kola moja iko sikioni.

Mama Neema akanyoosha mkono kumrekebisha. Akausimamisha katikati, akaurudisha mapajani. Hakuna mwingine aliyeugusa ule upande uliopanda, na Mzee alikula pilau yake hivyo hivyo hadi mwisho, amekaa wima, kama mtu aliyevaa suti.